Bahari Hatujaiona, Lakini Mvua Yake Tunaijua

Kutoka Kakuma hadi pwani ya Mombasa ni kama kilomita 1,000 ukipima moja kwa moja. Wengi tunaoishi hapa hatujawahi kuiona bahari. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi tunajua ziwa Tanganyika. Ndugu zetu wa Sudan Kusini wanajua Nile. Wenyeji wetu Waturkana wanajua laga, ile inayokaa kavu miezi mingi halafu usiku mmoja inashuka na kubeba mbuzi, godoro na mtoto. Hata Wasomali, ambao nchi yao ina pwani ndefu, wengi wa hawa tunaokaa nao walikuwa wafugaji na wakulima wa ndani. Kwa hiyo nilipowaambia vijana wa kikundi chetu kwamba tutasoma historia ya joto la bahari, mmoja aliniuliza bila kuficha: "Mwalimu, sisi na bahari wapi na wapi?"

Swali zuri. Makala hii ni jibu langu kwake, na kwa yeyote anayekaa hapa au anayefanya kazi hapa na amewahi kujiuliza kwa nini mwaka mmoja tunachimba mitaro kuokoa nyumba, na mwaka mwingine tunapanga madumu bombani tangu saa kumi usiku. Mvua yetu nyingi inapikwa baharini. Joto la maji ya Bahari ya Hindi likipanda au kushuka hata kwa digrii moja, sisi wa bara tunalipa. Joto hilo lina historia ndefu, iliyoandikwa na watu wengi, wengine bila kujua kwamba wanaandika. Mtu asiyeijua historia hiyo ataambiwa ukame ni bahati mbaya, naye atakubali. Anayeijua anaweza kuuliza: mlijua lini?

Ndoo na kipimajoto

Watu wa pwani waliisoma bahari kabla ya chombo chochote cha kupimia. Kwa karne nyingi kaskazi, upepo unaovuma kuanzia kama Desemba hadi Machi, ulileta majahazi kutoka Arabuni na India. Kusi, unaovuma katikati ya mwaka, uliyarudisha. Kati ya pepo hizo mbili ndipo mvua zinapokuja: masika na vuli. Wasomali wanaziita Gu na Deyr. Sisi tunazisikia redioni kama maneno ya utabiri, lakini ni elimu ya mabaharia na wakulima wa zamani.

Kupima joto la maji kwa namba kulianza baadaye. Mwaka 1853 nchi zenye meli nyingi zilikutana Brussels, Ubelgiji, kwa juhudi za afisa wa jeshi la majini la Marekani aliyeitwa Matthew Fontaine Maury. Zilikubaliana kwamba manahodha waandike hali ya bahari kwa utaratibu mmoja. Basi kila meli ikawa na daftari: upepo, mawingu, joto la maji. Namna ya kupima ilikuwa rahisi. Unatupa ndoo baharini kwa kamba, unaivuta juu, unaweka kipimajoto ndani, unaandika.

Hapo kuna funzo. Ndoo nyingi zilikuwa za turubai, na maji ndani ya turubai yanapoa haraka kama yanavyopoa ndani ya mtungi wa udongo. Kwa hiyo kipimajoto kilisoma chini kidogo ya joto la kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Pili meli nyingi ziliacha ndoo, kwa sababu kutoka nje usiku na taa kulikuwa ni kujionyesha kwa adui. Zikapima maji yanayoingizwa kupoza injini, na chumba cha injini ni cha moto, kwa hiyo namba zikaenda juu. Vita vilipoisha, meli za Uingereza zilirudi kwenye ndoo. Ukiangalia grafu ya zamani unaona bahari ya dunia kama imepoa ghafla mwaka 1945. Kumbe bahari haikupoa, kilichobadilika ni ndoo. Wanasayansi walilieleza jambo hilo waziwazi mwaka 2008. Nalitaja kwa sababu hapa kambini kuna watu wanaosema habari za joto la dunia ni hadithi za kutafutia pesa za miradi. Mtu anayekaa chini kusahihisha kosa la ndoo baada ya miaka zaidi ya 60 hatungi hadithi.

Tena elimu hii ilisukumwa na njaa. Mwaka 1904 Mwingereza Gilbert Walker alikabidhiwa idara ya hali ya hewa ya India, miaka michache baada ya mvua za monsuni kukataa mwaka 1899 na njaa kubwa kuikumba nchi hiyo. Alitaka kujua kama kuna njia ya kuona ukame mapema. Akakusanya namba kutoka sehemu nyingi za dunia, akagundua kwamba mgandamizo wa hewa ukipanda upande wa Bahari ya Pasifiki, unashuka upande wa Bahari ya Hindi, kisha vinabadilishana, kama pembea yenye watoto wawili. Baadaye ilijulikana kwamba pembea hiyo inakwenda pamoja na joto la maji ya Pasifiki, lile jambo ambalo leo mtaani kila mtu analiita El Niño.

Jiwe la Malindi

Daftari za meli zina mapengo. Katika bahari yetu ya magharibi, mbali na njia kuu za biashara, miaka mingi ya zamani haina vipimo vya kutosha. Lakini kuna mwandishi mwingine aliyekuwa kazini wakati wote: tumbawe.

Matumbawe ni wanyama wadogo wanaojenga mawe chini ya maji. Kila mwaka wanaongeza tabaka moja, kama mti unavyoongeza pete. Ndani ya jiwe hilo kuna aina mbili za oksijeni, nzito na nyepesi, na uwiano wake unabadilika kulingana na joto la maji ya mwaka ule. Ukitoboa tumbawe kubwa na kutoa kipande kirefu kama muwa, unaweza kusoma joto mwaka kwa mwaka kurudi nyuma.

Wanasayansi walifanya hivyo Malindi, Kenya, katika hifadhi ya bahari. Walichapisha matokeo mwaka 2000. Tumbawe hilo lilikuwa na kumbukumbu ya miaka 194, kutoka mwanzoni mwa miaka ya 1800, wakati misafara ya pembe na watumwa bado inatembea bara, hadi miaka ya 1990. Lilionyesha mambo mawili. La kwanza, joto la maji ya Malindi linapanda na kushuka likifuata Pasifiki, bahari iliyo upande mwingine wa dunia. La pili, chini ya kupanda na kushuka huko kuna mwendo mmoja wa kwenda juu, hadi kufikia digrii 1.3 tangu mwanzo wa kumbukumbu.

Vipimo vya meli vinasema karibu neno lilelile. Utafiti ulioongozwa na Roxy Mathew Koll wa Pune, India, uliotoka mwaka 2014, ulionyesha kwamba kati ya 1901 na 2012 maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, yalipata joto la digrii 1.2 zaidi katika majira ya kiangazi ya kaskazini. Hakuna sehemu nyingine ya bahari za tropiki iliyopanda kwa kasi hiyo.

Mtu atasema digrii moja ni nini? Hapa Kakuma mchana tunapita digrii 35 na tunacheza mpira. Lakini bahari si uwanja wa mpira. Ni maji mengi mno, na kuyapasha digrii moja kunataka moto mkubwa sana. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada ambalo moshi wa makaa, mafuta na gesi umelizuia duniani limeingia baharini. Halafu hewa ikipanda digrii moja, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7. Mvuke huo ndio mvua. Ukija, unakuja mzito. Ukipelekwa kwingine, tunabaki na vumbi.

Mizani

Kinachoamua mvuke uende wapi kilieleweka vizuri mwaka 1999 tu. Mwaka huo watafiti, wengi wao Wahindi na Wajapani, walichapisha maelezo ya kitu kinachoitwa Dipoli ya Bahari ya Hindi. Nawaeleza vijana kwa mfano wa mizani ya sokoni. Sahani moja iko upande wetu, Afrika Mashariki. Ya pili iko Sumatra, Indonesia.

Miaka mingine maji ya upande wetu yanapata joto kuliko kawaida na ya Sumatra yanapoa. Hewa inapanda juu upande wetu, mawingu yanajengeka, na mvua za Oktoba hadi Desemba zinafurika. Huko Indonesia misitu inakauka na kuwaka. Miaka mingine mizani inageuka. Joto linakwenda Sumatra, hewa inapanda kule na kushuka kwetu, na hewa inayoshuka haileti wingu. Deyr inakataa. El Niño mara nyingi inasukuma sahani yetu ijae, na ndugu yake La Niña anaisukuma itoke tupu.

Mvua za Machi hadi Mei zina habari yake. Kutoka mwisho wa miaka ya 1990 zimekuwa zikikosekana mara nyingi zaidi mashariki mwa Afrika, hasa Somalia, Ethiopia ya kusini na Kenya ya kaskazini. Sababu moja ambayo wanasayansi wanaieleza ni maji ya Pasifiki ya magharibi, karibu na Indonesia, ambayo nayo yamepata joto sana. Yanavuta hewa ipande kule, na kwetu inashuka. Kwa hiyo bahari ileile inayopata joto inatupa mambo mawili yanayopingana: ukame unaorudi kabla hatujapona, na katikati yake mafuriko.

Miaka yenye majina

Wazee hawahitaji grafu. Wasomali wanaukumbuka ukame wa 1974 na 1975 kwa jina la Dabadheer, wenye mkia mrefu. Ule wa 2016 na 2017 wanauita Sima, kwa sababu ulimgusa kila mtu sawasawa. Nimejaribu kuweka kumbukumbu za bahari kando ya kumbukumbu za watu, mwaka kwa mwaka.

Mwaka 1961 sahani yetu ilijaa. Mvua za mwisho wa mwaka zilinyesha kupita kiasi, na miaka iliyofuata Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2. Tanganyika nayo ilipanda hadi kimo kikubwa mwaka 1964. Wazee wa Uvira na Bujumbura bado wanahesabu umri kwa maji hayo.

Mwaka 1997 Dipoli na El Niño zilikuja pamoja. Kenya ya kaskazini mashariki na Somalia ya kusini ziligeuka ziwa. Dadaab ilikatika. Mbu wakazaliana, homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na mamia ya watu. Mwaka uliofuata joto liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya Kenya na Ushelisheli. Yaani waandishi wenyewe wa historia waliungua.

Mwaka 2006 Dipoli ikarudi na Ifo, moja ya kambi za Dadaab, ikaingia maji.

Mwisho wa 2010 mizani iligeuka, na La Niña yenye nguvu ilikuwa Pasifiki. Deyr ikakataa, halafu Gu ya 2011 ikakataa. Nitarudi hapo chini.

Mwaka 2016 sahani ya Sumatra ilijaa kwa nguvu. Ndiyo Sima.

Mwaka 2019 sahani yetu ilijaa kuliko ilivyowahi tangu 1997. Tulio hapa tunakumbuka. Mwezi wa Novemba maporomoko ya udongo yaliua makumi ya watu Pokot Magharibi na barabara ya Kitale kwenda Lodwar ikakatika, na barabara hiyo ndiyo inayotuletea unga. Kisha nzige. Vimbunga viwili vya mwaka 2018 viliingia kutoka baharini na kulowesha jangwa la Arabuni, nzige wakazaliana huko bila kuonekana, wakavuka, na majani mengi ya mvua ya 2019 yakawalisha. Kenya haikuwa imeona nzige namna ile kwa miaka 70. Mwaka 2020 walifunika Turkana. Mwezi Aprili mwaka huohuo, bahari ya upande wetu ikiwa bado na joto, mto Mulongwe ulipasua mji wa Uvira. Mwezi Mei Ziwa Victoria likapita kidogo kimo cha 1964.

Halafu ikaja La Niña ya miaka mitatu mfululizo. Kutoka mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilikataa Somalia, Ethiopia ya kusini na Kenya ya kaskazini. Wanasayansi waliochunguza ukame huo walisema mwaka 2023 kwamba joto lililoletwa na binadamu liliufanya uwezekane kwa kama mara 100 zaidi. Mwezi wa Oktoba na Novemba 2023 Dipoli na El Niño zikaja pamoja tena, na maelfu ya wakazi wa Dadaab waliokuwa wamekimbia ukame wakakimbia maji.

Na ziwa letu pia

Sisi watu wa Tanganyika tusidhani tumepona kwa kuwa maji yetu hayana chumvi. Ziwa letu lilipimwa joto tangu 1913. Mwaka 2003 tafiti mbili zililinganisha vipimo hivyo na vya sasa, zikaonyesha kwamba maji yamepata joto, hasa ya juu. Mwaka 2010 watafiti wengine walisoma tope la chini ya ziwa kama wenzao walivyosoma jiwe la Malindi, wakakuta kwamba joto la mwisho wa karne ya 20 halijapata kuonekana katika miaka 1,500.

Hiyo inagusa sahani ya chakula. Ziwa ni refu sana kwenda chini, na virutubisho vimelala huko. Upepo wa kiangazi ndio unaokoroga maji na kuvipandisha. Maji ya juu yakiwa ya moto sana yanakaa juu kama mafuta juu ya mchuzi, hayakorogeki. Mimea midogo inakosa chakula, na ndagala na mikeke wanaoishi kwa mimea hiyo na kwa wadudu wake wanapungua. Mvuvi wa Baraka au Rumonge anarudi na nyavu nyepesi, anamlaumu mwenzake mwenye nyavu ndogo, na kweli nyavu ndogo zinaharibu. Lakini kuna mkono mwingine chini ya maji.

Shimo katika kumbukumbu

Kuanzia mwaka 2000 hivi dunia ilianza kutumia vyombo vinavyoitwa Argo. Ni mitungi inayoelea, inazama hadi mita 2,000, inapima joto na chumvi, kila siku 10 inapanda juu na kutuma namba kwa satelaiti. Mwaka 2007 ilifika 3,000 katika bahari zote. Bahari ya Hindi ikawekewa pia maboya yaliyofungwa kwa nanga, ya kupima upepo na joto saa zote.

Lakini sehemu ya magharibi, mbele ya Somalia, ilibaki na shimo. Sababu ilikuwa maharamia. Meli za utafiti hazikuthubutu kuingia, na meli za mizigo zilizokuwa zikitoa vipimo zilizunguka mbali. Mwaka 2011 ilibidi majeshi ya majini ya Marekani na Australia yasaidie kushusha vyombo vya Argo sehemu hizo.

Jambo hili nalifikiria sana. Uharamia ulitoka katika nchi iliyovunjika tangu 1991, mwaka uleule ambao Dadaab ilianza. Vita vilivyowafukuza watu nyumbani ndivyo vilivyotoboa kumbukumbu ya bahari iliyo mbele ya nyumba zao. Mahali palipohitaji kuonekana kuliko pote ndipo palipoachwa gizani.

Bahari inafungua mlango tu

Sasa turudi 2011, kwa sababu hapo ndipo swali la "mlijua lini?" lina uzito wake wote.

Bahari ilikuwa imesema. Kutoka nusu ya pili ya 2010 wataalamu waliona La Niña na wakatoa onyo kwamba mvua ya mwisho wa mwaka ingekosekana. Onyo liliandikwa, likatumwa. Msaada mkubwa haukuja. Somalia ya kusini ilikuwa chini ya Al-Shabaab, ambao walizuia mashirika mengi, na sheria za Marekani dhidi ya ugaidi zilifanya mashirika mengine yaogope kupeleka chakula huko. Njaa ilitangazwa rasmi tarehe 20 Julai 2011. Utafiti uliotoka mwaka 2013 ulikadiria kwamba watu kama 258,000 walikufa, na kama 133,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Wengi walikufa kabla ya tangazo. Dadaab, iliyojengwa kwa watu 90,000, ilipita 400,000.

Mwaka 2017 onyo lilikuwa lilelile. Safari hiyo fedha na chakula vilikuja mapema zaidi, na njaa kubwa haikutokea. Ukame wa 2022 ulikuwa mrefu kuliko wa 2011, na makadirio ni kwamba watu 43,000 walikufa Somalia mwaka huo. Ni wengi mno, ila ni wachache kuliko 2011. Tofauti haikutoka baharini. Bahari inafungua mlango. Nani anapita na nani anabaki ndani, hiyo wanaamua watu.

Tena kuna swali la karatasi. Mtu akifika mpakani anaulizwa: ulikimbia nini? Akijibu, "Mvua ilikataa misimu mitano," jibu hilo halimo katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Humo kuna kabila na rangi, dini, taifa, kundi la jamii na siasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ni mpana zaidi, unataja matukio yanayovuruga vikali utulivu wa umma, na mtetezi mzuri anaweza kupita humo. Mwaka 2011 Msomali wa kusini na kati aliyefika Kenya alitambuliwa moja kwa moja, hakulazimika kutenganisha ukame na bunduki. Mwaka 2016 utambuzi huo uliondolewa. Wengi waliofika Dadaab wakati wa ukame wa 2022 walikaa miezi mingi bila kuandikishwa. Sisi tunajua maana yake: asiyeandikishwa hana kadi, asiye na kadi hana mgao, na jirani ndiye anayegawa sufuria yake.

Mwaka 2020 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitangaza uamuzi wa kesi ya Ioane Teitiota wa Kiribati, nchi ya visiwa vya Pasifiki inayomezwa na maji. Alishindwa. Lakini kamati ilisema kwamba nchi haziruhusiwi kumrudisha mtu mahali ambapo mabadiliko ya tabianchi yanahatarisha uhai wake. Ni mlango mdogo. Vijana wenye akili ya sheria hapa kambini waujue.

Mlijua lini, na sisi tulijua lini

Tangu mwaka 1998 wataalamu wa hali ya hewa wa Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki wanakutana kabla ya kila msimu na kutoa utabiri wa pamoja. Leo kazi hiyo inafanywa na ICPAC, kituo cha IGAD kilicho Kenya. Utabiri wa vuli unatoka karibu na mwisho wa Agosti, na kabla ya hapo joto la bahari limekwisha kuangaliwa kwa miezi. Kwa hiyo Oktoba ikifika, kuna watu wanaojua mizani imelalia wapi.

Je, mama wa blok iliyo kando ya laga anajua? Hapo ndipo kazi yetu ilipo, sisi tunaofanya kazi na vijana na nyinyi mnaofanya kazi katika mashirika. Utabiri ni mali ya umma. Unaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili, Kisomali, Kiarabu cha Juba, Kinuer, Kidinka, Kirundi na Kiturkana, ukabandikwa mahali pa mgao na kusomwa kanisani na msikitini. Mitaro inaweza kuchimbwa Septemba badala ya Novemba. Mwenye nyumba ya udongo kwenye njia ya maji anaweza kuambiwa mapema na kuonyeshwa pa kwenda, kwa sababu onyo bila mahali pa kwenda ni kumtisha mtu tu. Mwaka wa sahani tupu, unga na maji vinaweza kusogezwa mapema, na wenyeji wetu Waturkana wahesabiwe pamoja nasi, maana mbuzi wao wanakufa kabla ya sisi kupunguziwa mgao.

Na sisi tuandike. Kikundi chetu kimeanza daftari: tarehe ya mvua, laga imefika wapi, bei ya maji, watoto wangapi wameacha shule kwa sababu ya ukame. Hatuna vyombo vya maana, tuna chupa iliyokatwa na rula. Mabaharia wa 1853 walikuwa na ndoo. Ukiwa na mwaka wako na jina lake, lugha yoyote, tuletee tuuandike.